Trai au si trai? Refa peke yake, watu wa nyuma, au simu

Usiku wa tarehe 5 Aprili 2024 Dar nzima ilikesha ikibishana kuhusu mstari. Shuti la Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba wa juu, likadunda chini, likatoka. Yanga wakanyoosha mikono, Mamelodi Sundowns wakaendelea kucheza, waliokuwa chumba cha VAR wakatazama, na refa hakutoa goli. Mechi ikaisha 0-0, penalti zikaenda 3-2, Yanga wakatoka. Mpaka leo ukitaka kahawa ya kijiweni ipoe bila kunyweka, itaje ile picha tu.

Mimi niliitazama kwenye kibanda umiza, nimebanwa kati ya jamaa wawili wanaolia, na kuna jambo nililiwaza ambalo nisingethubutu kulisema pale ndani. Loftus Versfeld, ule uwanja wa Pretoria ilikochezwa mechi ile, ni uwanja wa raga. Ndiyo nyumbani kwa Bulls, timu ya raga. Na raga haiutazami mstari kama soka. Soka inataka mpira wote uvuke mstari wote. Raga inauhesabu mstari wa trai (trai ndiyo bao letu: unaufikisha mpira mstarini au nyuma yake na kuugusisha chini) kuwa sehemu ya eneo la trai, kwa hiyo ncha ya mpira ikigusishwa kwenye chokaa, imetosha. Kwa kipimo hicho, hata yule aliyeapa kwamba mpira ulidunda juu ya mstari angekuwa ametoa goli mwenyewe bila kujua.

Ungedhani basi sisi wa raga tuna kazi nyepesi. Hatuna. Ule mpira wa Aziz Ki kila mtu aliuona ukiwa hewani. Mpira wetu unapofika mstarini huwa uko chini ya watu watano, na kila mmoja ameamka na chapati tatu.

Kila bonanza linapokaribia, swali lile lile hurudi kwa waandaaji: trai za ubishi tuziamueje? Refa abaki peke yake, tuongeze watu wawili nyuma ya mstari, au tufunge simu kwenye stendi tuwe na VAR yetu? Mwaka huu kijana mmoja wa kamati aliniambia, "Kaka, dunia nzima iko kwenye video, sisi bado tunategemea macho ya mtu aliyechoka?" Swali zuri. Nimepuliza filimbi misimu kadhaa na nimeshakosea hadharani, kwa hiyo nitajibu kwa kuanza na kosa langu, halafu tulipitishe katika njia zote tatu tuone kila moja ingefanya nini.

Kiwiko cheupe

Ilikuwa fainali ya vijana, mchezo wa saba kwa saba, mvua za masika zimetoka kwisha na ardhi bado laini. Chokaa ilimwagwa asubuhi kwa kopo lililotobolewa matundu chini, kwa hiyo mstari ulikuwa mwembamba kama kamba sehemu moja na mpana kama kandambili sehemu nyingine. Dakika ya mwisho, kijana mmoja mnene wa timu inayoshambulia akaupata mpira mita moja kutoka mstarini, akainama, akaingia. Wenzake wawili wakamsukuma kwa nyuma. Walinzi wawili wakamwingia kwa chini.

Mimi nilikuwa upande wa uwanjani, nyuma ya waliokuwa wanasukuma. Nilichokiona ni nyayo za viatu na makalio. Nilipowaondoa mmoja mmoja nikamkuta yule kijana amelala ndani ya eneo la trai, mpira kaukumbatia kifuani, na kiwiko chake cha kulia cheupe chokaa tupu kuanzia kwenye mfupa. Akaninyooshea kile kiwiko. "Nimeweka, refa! Haki ya Mungu nimeweka!"

Nikatazama kiwiko, nikapuliza. Trai, pointi 5. Timu yake ikachukua kombe kwa tofauti ya pointi 3.

Kiwiko si mpira. Chokaa ile ilithibitisha kwamba kiwiko kilipita juu ya mstari, basi. Mpira ungeweza kuwa juu ya goti la mlinzi muda wote ule, na mimi nisingejua. Hilo lilinijia nikiwa kwenye mwendokasi narudi nyumbani, lakini kabla hata sijaondoka uwanjani simu mbili zilikuwa zimeshazunguka. Ya kwanza ilirekodiwa kutoka nyuma ya mstari, karibu na kibendera cha kona, na ndani yake mpira ulikuwa umepungukiwa shibiri nzima. Ya pili ilirekodiwa kutoka kwenye benchi, upande wa uwanjani, na ndani yake mpira ulikuwa umevuka waziwazi. Tukio moja, sekunde moja. Kila kundi likawa na ushahidi wake na kila kundi likaniita jina lake.

Refa akiwa peke yake

Sheria ya raga ipo wazi hapa: refa ndiye mwamuzi pekee wa kilichotokea na wa sheria yenyewe wakati wa mchezo. Wengine wote, hata wawe na mitambo ya namna gani, wanamshauri. Kwa hiyo njia hii si ya kimaskini. Hizo nyingine zinajengwa juu yake.

Gharama yake ni nauli na maji ya kunywa. Uamuzi unatoka papo hapo. Tatizo ni macho mawili na kazi saba. Pale mstarini refa anatakiwa kuangalia nani ameotea, nani anaweka mikono kwenye mpira akiwa amelala, nani anamvuta mwenzake jezi, na wakati huo huo aone ncha ya mpira wa ngozi ikigusa majani.

Ugomvi wa refa kuachwa nyuma una zaidi ya miaka 100. Tarehe 16 Desemba 1905, Cardiff, Wales walikuwa wakiongoza New Zealand 3-0 pale Bob Deans alipoanguka mstarini. Refa, John Dallas wa Scotland, alichezesha akiwa na nguo za kawaida na alikuwa mbali na tukio. Alipofika akaukuta mpira uko nje ya mstari, hakutoa trai. Deans alishikilia kwamba aliuweka ndani, kisha akavutwa kurudishwa. Matokeo yakabaki 3-0, na hicho ndicho kikawa kipigo pekee cha New Zealand katika ziara nzima ile. Wales na New Zealand bado wanabishana, na wote waliokuwepo walishazikwa.

Ila kuwa karibu nako hakumalizi kila kitu. Durban, 17 Juni 1995, nusu fainali ya Kombe la Dunia, mvua imenyesha mpaka kina mama wakaingia na mifagio kusukuma maji uwanjani. Dakika za mwisho Abdelatif Benazzi wa Ufaransa akateleza na mpira hadi mstarini, akasimamishwa amepungukiwa kidogo sana. Refa Derek Bevan akasema hapana. Afrika Kusini wakapita 19-15, wiki iliyofuata wakawa mabingwa. Wafaransa wa umri fulani ukiwatajia Durban wanabadilika rangi kama Mwanayanga ukimtajia Pretoria.

Njia hii ina dawa moja ya bure ambayo mimi siku ya kiwiko niliisahau: mchezo ukishafika mita 5 kutoka mstari wa trai, refa avuke. Aache kuwafuata washambuliaji kwa nyuma, aingie ndani ya eneo la trai, asimame nyuma ya walinzi, atazame mpira ukija upande wake. Akiwa huko anaona vifua na mikono, haoni makalio. Ningekuwa nimevuka, nafasi yangu ya kuuona ule mpira ingekuwa kubwa. Sisemi ningeuona. Chini ya walinzi wawili hata aliyelala sakafuni anaweza asiuone.

Watu wa nyuma

Mchezo wa saba kwa saba una waamuzi wawili wa ziada ambao raga ya wachezaji 15 kwa kawaida haina: mmoja kila upande, kazi yao ni eneo la trai. Sisi tumezoea kuwaita watu wa nyuma. Wamewekwa kwa sababu mchezo wenyewe ni wa mbio. Mtu anapasua mita 70 peke yake, na refa, hata awe na pumzi ya mbuzi wa mlimani, atafika amechelewa.

Hapa ndipo mabonanza yetu yanapojiibia. Nafasi ya mtu wa nyuma anapewa yeyote asiye na shughuli: dereva wa timu, shemeji wa nahodha, mtoto wa kidato cha pili aliyekuja kutazama. Anapewa kibendera, haambiwi chochote, anasimama mita 10 nyuma ya nguzo akichati. Halafu likitokea la kutokea tunasema watu wa nyuma hawasaidii.

Mtu wa nyuma anayejua kazi anajua mambo matatu, na yanafundishika nusu saa.

La kwanza ni tofauti ya kugusisha na kukandamiza. Mchezaji aliyeushika mpira anatakiwa kuugusisha tu chini, ndani ya eneo la trai au juu ya mstari. Hakuna kusukuma, hakuna kuhesabu sekunde. Lakini mpira ukiwa tayari uko chini, haujashikwa na mtu, lazima aukandamize kwa kiganja, kwa mkono, au kwa mbele ya mwili kati ya kiuno na shingo. Kuupapasa hakutoshi. Hiyo ndiyo iliyowaponza Wales pale Twickenham, Februari 2018, England wakishinda 12-6. Mpira ulikuwa unabingirika eneo la trai, Gareth Anscombe akaufikia kwa mkono, refa wa video akasema hakuukandamiza. Baadaye World Rugby, chama cha raga cha dunia, wakawaambia Wales kwamba ile ilistahili kuwa trai. Ona hilo: kamera zote zile, na hoja ikawa kiganja kimebonyea au hakijabonyea.

La pili ni mguu. Mchezaji aliyebeba mpira akigusa mstari wa pembeni, hata kwa kidole cha kiatu, ametoka. Akiwa angani mwili wote umening'inia nje ya uwanja, hajatoka, ilimradi hajagusa chini kabla ya kuuweka mpira. Na kile kibendera cha kona chenyewe si nje; kukigonga tu wakati wa kuruka hakufuti trai. Watu wengi hapa mjini bado hawaamini hili na nimeshalipigiwa kelele na makocha wawili.

La tatu ni aliyekabwa. Akiangushwa karibu na mstari anaruhusiwa kunyoosha mkono papo hapo aweke mpira. Na kama ameangushwa kabla ya mstari lakini kasi yake mwenyewe ikamtelezesha hadi ndani bila kusimama, ni trai. Akisimama, akafikiri, akajivuta tena kwa kiwiko, amekosa. Penalti.

Nimeambiwa na wazee wa mchezo kuhusu mpira kuwekwa kwenye sponji ya nguzo za goli. Zamani ilihesabika. Tangu 2020 haihesabiki, kwa sababu walinzi walikuwa hawana pa kusimama bila kuotea. Mtu wa nyuma akikuambia "ameweka kwenye nguzo, trai", ujue alijifunza raga kabla ya hapo.

Sasa ule mkasa wa kiwiko. Mtu wa nyuma aliyesimama vizuri, hatua tatu ndani ya eneo la trai, amechuchumaa, angekuwa anatazama moja kwa moja uso wa yule kijana. Angeona mikono yake ikishuka au ikibebwa. Ninaamini hivyo kwa sababu baadaye mlinzi mmoja, mtu mkweli ambaye hakuwa na faida tena ya kusema uongo, aliniambia mpira ulikuwa umekaa juu ya paja lake mpaka filimbi.

Simu kwenye stendi

Huu ndio upande wenye mvuto, na ndio unaouza mawazo kamatini. Wacha tuupe haki yake. Video imeokoa haki nyingi. Fainali ya Kombe la Dunia, Paris, 20 Oktoba 2007: Mathew Tait wa England alipasua katikati, mpira ukafika kwa Mark Cueto pembeni kushoto, akaruka akaweka huku Danie Rossouw wa Afrika Kusini akimsukumia nje. Kwa macho ilikuwa trai nzuri. Refa Alain Rolland akampelekea swali mwamuzi wa video, Stuart Dickinson, na picha zikaonyesha mguu wa kushoto wa Cueto umegusa mstari wa pembeni kabla hajauweka mpira. Hapana. England waliambulia penalti ya kosa lililotangulia, Afrika Kusini wakashinda 15-6. Hakuna refa wala mshika kibendera ambaye angeapa kwa Mungu kuhusu ule mguu kwa macho tu.

Lakini Paris walikuwa na kamera zilizopangwa kwa ajili hiyo. Sisi tuna simu ya shemeji. Simu ya kawaida hurekodi picha 30 kwa sekunde. Kijana anayekimbia mita 7 kwa sekunde anasogea kama sentimita 23 kati ya picha moja na nyingine. Mpira wa raga wenyewe una urefu wa sentimita 28 hadi 30. Maana yake, kati ya picha mbili zinazofuatana mpira umesogea karibu urefu wake wote, na ile nukta ya kugusa chini huenda imeangukia katikati, pasipo na picha. Utasimamisha video, utakuza, utaona ukungu. Ukiweka mwendo wa polepole picha zinaongezeka, sawa, lakini pembe haibadiliki.

Na pembe ndiyo iliyonimaliza mimi. Shika machungwa mawili, moja liweke mezani, jingine liinue shibiri moja juu ya lile la kwanza, halafu zunguka meza huku umeinama. Ukiwa upande huu lile la juu linaonekana liko mbele, ukienda upande wa pili linaonekana liko nyuma. Kitu kilichoinuka hakionekani mahali kilipo mpaka usimame sawia na mstari. Ule mpira ulikuwa juu ya paja. Aliyekuwa nyuma ya mstari akauona haujafika, aliyekuwa kwenye benchi akauona umevuka, na wote wawili walirekodi kweli tupu. Ili simu ikusaidie lazima ikae kwenye mstari wa trai wenyewe, pembeni, na kuwe na nyingine upande wa pili, na uwanja una mistari miwili ya trai. Hizo ni simu nne, stendi nne, watu wanne wa kuzilinda zisiguswe wala zisiondoke na mtu. Hapo hatujazungumzia betri.

Kuna jambo kubwa kuliko simu, na kamati nyingi hazijawahi kulijadili hata mara moja: utauliza swali gani?

Mwamuzi wa raga anapoenda kwenye video kuna namna tofauti za kuuliza zilizowahi kutumika, na tukio lile lile laweza kutoa majibu tofauti kwa kila namna. Akiuliza "trai, ndiyo au hapana?", anasema mimi sikuona, nitafutie. Mpira usipoonekana ukigusa chini, hakuna trai. Akiuliza "kuna sababu yoyote ya mimi kuikataa?", anasema mimi naamini ni trai, nitafutie kasoro. Kasoro isipoonekana, trai inabaki, hata kama mpira wenyewe haukuonekana ukigusa. Na akitangaza kwanza uamuzi wake wa uwanjani, iwe trai au si trai, video inatakiwa imwonyeshe waziwazi kwamba amekosea. Isipomwonyesha waziwazi, neno lake la kwanza linasimama.

Murrayfield, 10 Februari 2024. Scotland wako nyuma 16-20 dhidi ya Ufaransa, shambulizi la mwisho kabisa la mechi. Sam Skinner anaingia mstarini, rundo linaanguka. Refa Nic Berry hakuona mpira ukishuka, akatangaza uamuzi wake: si trai, umezuiliwa. Video ikaonyesha mpira ukiwa juu ya mguu wa mtu, kisha ukionekana kama umeshuka majanini. Mwamuzi wa video akaanza kama anayeelekea kwenye ndiyo, kisha akarudi: hakuna picha iliyo wazi kiasi cha kubadili neno la refa. Ufaransa wakashinda. Wascoti walilia kuhusu picha. Mimi nadhani mechi iliamuliwa sekunde ile Berry alipotamka "si trai". Angeanza kwa kusema trai, picha zile zile zisingetosha kuifuta.

Kwa mkasa wangu ni vivyo hivyo. Mimi nilishapuliza trai. Tungekuwa na simu zetu mbili na kanuni ya kwamba neno la refa linasimama, trai ya uongo ingebaki, tena ikiwa imebarikiwa na teknolojia. Tungeuliza "ndiyo au hapana", ingefutwa. Kamati inayonunua stendi kabla ya kukubaliana swali imenunua ugomvi wa kiwango cha juu zaidi.

Muda nao. Mechi ya saba kwa saba ina dakika 7 kila kipindi. Dakika 3 za kuinamia simu juani, wachezaji wakiwa wamekuzunguka na kila mmoja anaona anachotaka kuona, ni karibu nusu ya kipindi. Ukiwa na mechi 20 kwa siku na uwanja mmoja, jua la Dar litazama fainali haijaanza.

Ukikosa jibu

Njia yoyote utakayochagua, kuna mara ambapo hakuna aliyeona. Hapa waamuzi wetu huchanganya mambo mawili ambayo adhabu yake ni mbingu na ardhi.

Mshambuliaji akiwa amevuka na mpira lakini akabebwa, hawezi kuuweka, zamani tulitoa skrum (wachezaji wa pande zote wanafungana na kusukumana kugombea mpira) ya mita 5 na washambuliaji ndio wanaingiza mpira. Hiyo imebadilika, kwa majaribio kuanzia 2021 na kuwa sheria kamili 2022: sasa walinzi wanaupiga mpira kwa mguu kutoka mstari wao wa trai. Kushindwa kuweka kumekuwa ghali. Lakini kama mpira uliwekwa kweli, na ubishi ni nani aliuwahi, mshambuliaji au mlinzi, hapo bado ni skrum ya mita 5 kwa washambuliaji. Waamuzi wengi nikiwemo mimi tulikuwa tunatupa skrum kila tulipochanganyikiwa, kama mtu anayegawa pipi. Sasa kila "sikujua" ina mahali pake.

Trai ya penalti sitaizungumzia sana. Kosa la makusudi au mchezo mchafu ukizuia trai ambayo yaelekea ingepatikana, ni pointi 7 bila kupiga mkwaju wa nyongeza, na aliyekosa anaona kadi. Hiyo inahitaji ujasiri, kamera haiongezi chochote.

Mimi ningechagua hivi

Mazoezi na mechi za shule: refa peke yake, mradi avuke mstari. Usipoteze watu.

Bonanza la siku moja, ambalo ndilo kila mtu ananiulizia: watu wawili wa nyuma waliofundishwa, wasio na timu siku hiyo, na simu marufuku kwenye uamuzi. Pesa mliyotenga kwa stendi nunueni chokaa ya kutosha na koni za kona zinazosimama. Chokaa pigeni tena saa saba mchana, maana kufikia nusu fainali mstari wa asubuhi huwa umeshahamia kwenye soksi za watu. Anayetaka kurekodi arekodi, na Jumatatu tukae waamuzi tutazame video hizo kwa ajili ya kujifunza. Hapo simu ina thamani kubwa kuliko pote.

Video nitaikubali siku tutakapokuwa na kamera zisizotikisika kwenye mistari yote miwili, na swali limeandikwa kwenye kanuni za mashindano kabla ya mechi ya kwanza. Kijana wa kamati aliguna niliposema hivyo. "Kwa hiyo unaogopa kukosolewa, kaka." Huenda. Ila mwaka wa kiwiko nilikosolewa kwa video mbili zinazopingana na hakuna hata moja iliyoonyesha mpira ulipokuwa.

Watu wa nyuma ninawapa maneno matatu tu: "chini", "juu", "sikuona". Nawakataza "nadhani". Msimu uliopita nilimweka binti mmoja wa chuo, mchezaji mzuri aliyekuwa na jeraha la bega. Nusu fainali, rundo likaanguka mstarini, mimi nimeshavuka na bado naona migongo. Kijana akainuka na kiwiko cheupe, naye akaninyooshea. Nikamgeukia yule binti. Alikuwa amelala kifudifudi kabisa, shavu kwenye majani, nusu mita kutoka kwenye rundo.

"Sikuona, kaka."

Nikawaonyesha walinzi mstari wao wa trai, wakaupiga mpira. Nahodha wa washambuliaji akanifuata hatua kadhaa akilalamika, akamtazama yule binti anavyojipangusa matope shavuni, akarudi kwenye nafasi yake.